Mwindaji wa upinde wa Kihadzabe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, na wageni wanaopita Karatu, na sana na Watanzania wenzetu waliowaona Wahadzabe kwenye simu tu. Kuna yanayojibika kwa sentensi mbili na kuna yanayotaka kukaa chini. Tumeyaacha kama yanavyoulizwa, hata yale yenye dharau kidogo.

Wahadzabe ni akina nani, na wanaishi wapi hasa?

Ni watu wapatao elfu moja na mia chache, wakazi wa kandokando ya Ziwa Eyasi: Mangola wilayani Karatu, bonde la Yaeda wilayani Mbulu, na wengine ng'ambo ya ziwa kuelekea Meatu na Mkalama. Vitabu vya zamani viliwaita Watindiga. Lugha yao ina sauti za kufyonza kwa ulimi, na wataalamu wameshindwa kuipatia ndugu wa uhakika kati ya lugha nyingine zote. Wanaoishi kwa pori peke yake leo ni mia chache tu. Wengine wanachanganya: leo mizizi na asali, kesho unga wa mahindi, keshokutwa fedha ya mtalii.

Mtu anaanza kuwinda akiwa na umri gani?

Mtoto wa kiume hupewa kiupinde mara tu anapoweza kukimbia bila kuanguka anguka. Hakuna somo. Anapiga mshale kwenye kichuguu, kwenye boga bovu, kwenye shina la mbuyu, kisha anahamia kwa ndege, panya na pimbi. Anachoua anakichoma na wenzake hapo hapo, kambini wanasikia harufu tu. Akifika ujanani anafuatana na wakubwa, na hapo ndipo anaanza kujifunza kazi yenyewe, ambayo ni kusoma nyayo. Kulenga shabaha alishajua zamani.

Upinde unamfuata maisha yote. Mzee ambaye magoti yamemchosha bado hatoki kambini bila upinde mkononi, hata kama anaenda kuchungulia tu kama mbuyu umedondosha.

Upinde wenyewe ukoje? Ni mgumu kuvuta?

Ni fimbo moja iliyochongwa, isiyo na mapambo mengi, ndefu karibu kama mwenye nao. Frank Marlowe, mtafiti aliyekaa nao miaka mingi, alipima nguvu ya kuvuta na kupata wastani wa kilo 31 hivi. Chukua ndoo moja na nusu ya maji, inyanyue kwa vidole vitatu, halafu utulie hivyo huku swala anakutazama. Vijana wa mazoezi kutoka mjini huushika, huuvuta robo, hucheka na kuurudisha.

Uzi wake ni kano za mgongo wa mnyama mkubwa. Hutafunwa zikalainika, zikasokotwa kwa kuviringishwa kwenye paja mpaka zikawa kamba moja.

Na mishale?

Hapa ndipo muda wa mwanamume unapokwenda. Ukikuta kambi mchana wa jua kali, wanaume wamekaa chini ya mti wao, kila mmoja ana kijiti mkononi. Anakibandua ganda, anakipitisha juu ya makaa kikapata joto, anakibana kwa meno pale palipopinda, anakikunja kidogo upande wa pili, kisha anafumba jicho moja na kukitazama kwa urefu. Bado. Anarudisha kwenye makaa. Atafanya hivyo huku anapiga soga, anavuta kiko, anasimulia ya jana, wala hana haraka. Mwisho anafunga manyoya ya kanga au ya tai kwa kano iliyolowekwa mate, ambayo ikikauka inabana bila gundi.

Kuna mishale ya namna tatu. Wa kwanza una ncha ya mti tu, kwa ndege na vinyama vidogo. Wa pili una chembe cha chuma kipana kama jani, bila sumu, kwa wanyama wa kadiri. Wa tatu una chembe chenye miiba na umepakwa sumu, kwa wanyama wakubwa, na sehemu yenye sumu hufungwa ngozi ili isikauke na isimchome mwenyewe. Chuma hutoka kwa majirani: vyembe hununuliwa au kubadilishwa kwa wafua chuma wa Kidatoga, au msumari wa dukani hupondwa kwa jiwe ukiwa baridi mpaka ukawa bapa. Kwa kawaida hawatumii podo. Mishale hushikwa kiganjani pamoja na upinde, na ukitaka kujua mtu ametoka kutafuta nini, tazama ameshika mishale gani.

Sumu inatoka wapi? Je, nyama haiui watu?

Zipo mbili zinazojulikana zaidi. Moja ni ya Adenium, mmea wenye shina nene na maua ya waridi ambao siku hizi mijini unauzwa kwenye vyungu vya kupamba baraza. Matawi yake hupondwa, yakakamuliwa, na maji yake kuchemshwa hadi yawe lami nyeusi. Ya pili hutokana na mbegu za Strophanthus eminii, mmea uliopewa jina la Emin Pasha.

Zote mbili hushambulia moyo. Ikiingia kwenye damu, moyo hukosa mpangilio na mnyama huanguka, ingawa si papo hapo. Ikipita tumboni, kiasi kidogo sana ndicho kinachofyonzwa, na nyama iliyozunguka kidonda hukatwa ikatupwa. Ndiyo maana watu wanakula na kuamka salama. Hili lisikufanye uijaribu: mkwaruzo mdogo kwenye kidole ni habari nyingine kabisa.

Sumu za ukoo huu ndizo zilizowapa madaktari dawa ya moyo. John Kirk, aliyekuwa kwenye msafara wa Livingstone huko Zambezi na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliweka mswaki wake karibu na sampuli ya sumu ya mishale ya Strophanthus. Alipoutumia akahisi uchungu mdomoni na mapigo ya moyo wake yakapungua. Utafiti uliofuata Edinburgh ukazaa dawa ya strofanthini, iliyotumika hospitalini kwa miongo mingi. Mpishi wa kwanza wa dawa hiyo alikuwa mwindaji wa Kiafrika, na jina lake halikuandikwa popote.

Mnyama akipigwa mshale wa sumu, wanamfukuza?

Hapana, na hili huwashangaza wageni waliozoea filamu. Wakimkimbiza atakwenda mbali, atapotea. Mwindaji hutazama mahali alipopigwa, huokota mti wa mshale kama umedondoka, husoma damu, kisha mara nyingi hurudi kambini. Anasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu amekigusa. Asubuhi wanatoka wanaume kadhaa kufuata nyayo. Pia wanatazama angani: tai wakizunguka, kazi imekwisha au fisi wameshawatangulia.

Wanapiga kutoka umbali gani?

Karibu. Mshale unaweza kwenda mbali, lakini mbali si shabaha. Mwindaji hupenda kujisogeza hadi mita ishirini au thelathini, akiwa ameinama, upepo ukimpiga usoni. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, hujenga kibanda cha mawe na matawi kando ya dimbwi na kuvizia usiku. Ndiyo mbinu yenye tija kubwa kuliko zote, na yenye hatari pia, maana simba naye ana kiu.

Huyu mwindaji anafanikiwa mara ngapi?

Wengi wanadhani kila siku. Watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walihesabu miaka ya 1980 na kukuta kwamba mwindaji mmoja hupata mnyama mkubwa mmoja kwa takriban siku 30 za kuwinda. Soma tena hapo. Mtu ambaye upinde umekuwa mkononi mwake tangu utotoni, anayelijua pori lile jiwe kwa jiwe, hurudi bila mnyama mkubwa siku ishirini na tisa kati ya thelathini.

Ndiyo maana kambi haiishi kwa wanaume peke yao. Wanawake wakirudi jioni na mizizi, matunda na ubuyu, watu wanakula. Mwanamume naye njiani hajakaa bure: amepata asali, ndege wawili, pimbi, labda dikidiki. Ila ukiuliza habari utasimuliwa ile siku ya thelathini.

Basi aliye bora kuliko wote ni nani? Wana mashujaa?

Swali gumu, na jibu lake ndilo linalomtenganisha mwindaji huyu na wengi duniani. Mafanikio yapo na yanajulikana. Kijana akiua mnyama mkubwa anaingia kwenye kundi la wanaume wa epeme, yaani mtu mzima kamili, na kuanzia hapo anakula pamoja nao sehemu fulani za nyama, kama moyo, figo na ulimi, faraghani, mbali na wanawake na watoto. Mnyama mkubwa anapoanguka, kifo chake hutangazwa kwa jina maalumu la sifa, tofauti na jina lake akiwa hai. Na usiku usio na mwezi, moto ukiwa umezimwa, huchezwa ngoma ya epeme, mmoja mmoja akiingia gizani na njuga mguuni.

Sasa muulize mwenye mshale ameua nini. Atakujibu kwa mkato, au atajibu mwingine. Anayejisifu anachekwa mbele ya watu mpaka anyamaze. Hakuna chifu, hakuna kikombe, hakuna pembe ukutani. Watafiti waliwaomba Wahadzabe wawataje wawindaji hodari, kisha wakapima uwezo wa wale waliotajwa. Sifa na uwezo vilikaribiana, ila si sana. Kwa maoni yangu hilo linaeleweka: unaposhinda mara moja kwa mwezi, na ukishinda hutamki, watu watajuaje kwa uhakika?

Nyama ni ya nani?

Ya kambi. Huu ndio moyo wa maadili yao, na kama una muda wa kusoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Mnyama mdogo anaweza kuliwa na mwenye nyumba na watoto wake. Mnyama mkubwa, kwa mfano pundamilia au pofu, hana mwenyewe. Habari ikifika, watu wanakwenda palipo na mzoga, wanachuna, wanakata, kila mtu anabeba. Aliyeua hagawi kama tajiri anayetoa sadaka. Mara nyingi amekaa pembeni, na wanaogawa ni wengine. Hapewi shukrani, kwa sababu hakuna aliyepewa zawadi: kila mtu amechukua chake. Aliyerudi mikono mitupu mwezi mzima anachukua sawa na wengine, bila haya. Anayeficha nyama ataombwa mpaka aitoe, na kuomba huko si adabu mbaya kwao. Adabu mbaya ni kunyima.

Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona desturi hiyo hiyo hata kwenye mchezo wao wa kamari, unaochezwa kwa kurusha vipande vya ganda la mti. Mishale ya sumu, visu na viko huwekwa rehani na kuzunguka kutoka mkono hadi mkono, hivyo aliye na vingi hakai navyo. Lakini upinde, mishale ya ndege na mfuko wa ngozi haviingizwi mchezoni. Hata ukifilisika, kesho unaweza kutoka kutafuta.

Wataalamu wanabishana hadi leo kwa nini mwanamume ajisumbue na mnyama mkubwa ambaye nyama yake itamponyoka. Wapo wanaosema anatafuta jina na wachumba, na wapo wanaosema familia yake hufaidika kuliko inavyoonekana. Marlowe alikuta kwamba wanaosifiwa kwa uwindaji wana watoto wengi zaidi. Wahadzabe wenyewe mjadala huu hauwashughulishi.

Kuna miiko gani?

Mwanamume ambaye mkewe yuko kwenye siku zake haendi kuwinda mnyama mkubwa. Inaaminika sumu itapoteza nguvu. Mwanamke au mtoto hali nyama ya epeme, na kijana asiyeua akiila kwa siri, ugonjwa au ajali itakayompata itaelezwa kwa kosa hilo. Nyoka hawaliwi. Nyani wanaliwa, na ni mnyama anayeheshimiwa kwa ukali wake kuliko wengi.

Je, wanamhurumia mnyama? Ni wahifadhi wa mazingira?

Hapa niwe mkweli, maana mitandaoni kuna asali nyingi. Wahadzabe hawana kanuni za kupunguza mateso ya mnyama kama zilizoandikwa na vyama vya wawindaji wa Ulaya na Marekani. Hawachagui dume zee na kuacha jike lenye mimba. Anayepatikana ndiye. Wakimkuta simba au chui na windo lake, wanamfukuza wakaichukua nyama, tena kwa furaha.

Mfano mzuri ni ndege anayewaongoza kwenye asali. Anaita, mtu anamjibu kwa mbinja, wanafuatana mti kwa mti hadi kwenye mzinga. Utafiti ulioongozwa na Brian Wood, uliotoka mwaka 2014, ulikadiria kwamba asali inayopatikana kwa msaada wa ndege huyu ni asilimia 8 hadi 10 ya chakula chao chote. Vitabu vya watoto vinasema ndege huachiwa masega kama malipo. Wahadzabe hufanya kinyume: hukusanya nta wakaizika, wakaificha au wakaichoma, ili ndege abaki na njaa na awatafute tena.

Kwa hiyo maadili yao yako kwa watu zaidi kuliko kwa wanyama: nani ale, nani asinyimwe, nani asijikweze. Pori limebaki na wanyama kwa sababu wao ni wachache, upinde una mipaka yake, na nyama haiuzwi. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko zote tatu. Wanyama wa bonde la Yaeda wamepunguzwa na mashamba, mifugo na bunduki za wengine.

Wanaua tembo? Twiga je?

Tembo hawawindi, sumu yao haimtoshi. Waliokuwa mabingwa wa tembo kwa upinde ni Wawaata wa Kenya, karibu na Tsavo, waliotumia pinde ngumu zaidi na sumu ya msunguti, na ambao kazi yao ikawa ujangili mara baada ya hifadhi kutangazwa mwaka 1948. Twiga aliwindwa na Wahadzabe zamani. Leo ni mnyama anayelindwa na sheria ya Tanzania.

Kisheria, wanaruhusiwa?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na mwananchi wa kawaida akikutwa na upinde na nyama ya porini ana kesi. Wahadzabe wamekuwa wakiachwa wawinde kwenye maeneo yao kwa chakula chao, si kwa biashara. Ni nafasi finyu. Mwaka 2007 kampuni ya kigeni ilitaka kulifanya bonde la Yaeda kuwa kitalu chake cha uwindaji, na ikajiondoa baada ya makelele mengi. Mwaka 2011 vijiji vya Wahadzabe vya huko vilipata hati ya kimila ya ardhi kwa pamoja, zaidi ya hekta 20,000, na baadaye mapato ya hewa ukaa kutokana na kuitunza misitu hiyo. Ukiwauliza kipi kimewasaidia zaidi, watakutajia hati.

Wawindaji wa upinde wa Marekani wanafanana nao?

Zana zinafanana kuliko unavyodhani. Mwaka 1911 mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, aliyejulikana kama Ishi, alijitokeza Oroville, California. Daktari wake, Saxton Pope, akajifunza kwake kuchonga upinde na kunyemelea paa, na kutoka hapo ukakua mchezo mzima wa uwindaji wa upinde huko. Klabu yenye jina la Pope na mwenzake Art Young ilianzishwa mwaka 1961, nayo ina kanuni za kumpa mnyama nafasi ya haki, na daftari la rekodi lenye vipimo vya pembe na jina la aliyeua. Kanuni ni nzuri. Daftari ndilo ambalo Mhadzabe angelicheka.

Nikienda kutembea nao, naona uwindaji wa kweli?

Mangola, mara nyingi unaona matembezi ya asubuhi: ndege wawili, moto wa kupekecha, kiko, kulenga shabaha. Siyo uongo, ila ni kazi ya wageni, na mtu aliyewinda usiku huenda amelala. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, lipa ada kwenye ofisi ya kijiji, salimia "mtana", na usipeleke pombe hata ukiombwa. Pombe inayonunuliwa kwa fedha ya utalii imewaumiza watu wengi pale.

Naweza kununua upinde na mishale?

Ndiyo, wanauza, na bei ni ya kupatana. Nunua yenye ncha ya mti au chuma kitupu, na muulize aliyeichonga, siyo dereva, kama imewahi kupakwa sumu. Uwanja wa ndege iweke kwenye mzigo wa kupakia, ncha zikiwa zimefungwa. Na upinde unaoning'inia ukutani ulegeze uzi, la sivyo mti utachoka ukabaki umepinda.